Nani Anampa Pipi Dawa?

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Pipi nje ya chumba cha Profesa, mkono umeshika pazia, roho iko mdomoni. Alikuwa ametoka saluni mbio, mteja kamwacha kitini nusu kichwa kimesukwa na nusu iko timtim, kwa sababu mama yake mzazi alimpigia simu na kumwambia maneno machache tu.

"Mumeo kaja kamchukua mtoto. Anasema leo atasimama."

Nyuma ya pazia lile ilisikika sauti ya Pipi. Na wewe uliyekaa wiki nzima ukijiuliza kama kilikuwa kilio, pumua kidogo. Pipi alikuwa anacheka.

Kwa aliyeingia leo: Pipi ni binti wa miaka sita ambaye siku ya kuzaliwa kwake hakulia. Ubongo ulikosa hewa. Hospitali waliuita mtindio wa ubongo, wakaongeza kwamba wake ni ule mkali. Shingo haishiki. Ngumi hazifunguki. Hakai peke yake, hasemi, na chakula kisipopondwa vizuri kinampalia. Lakini kucheka anajua, na kicheko chake huanzia tumboni kikamtingisha mwili mzima, hata anayemsikia mara ya kwanza hujikuta anacheka naye bila kujua kilichochekesha.

Mama Pipi akafunua pazia.

Mtoto alikuwa amesimama.

Si kwa miguu yake, hapana. Alikuwa amefungwa mikanda kwenye ubao ulioegemezwa ukutani, kifuani mkanda, kiunoni mkanda, magotini mkanda. Mapajani alibandikwa vipande vyeusi vyenye nyaya, na nyaya zikaenda hadi kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya meza. Mbele yake Baba Pipi alikuwa amepiga magoti na ovaroli yake ya karakana, machozi yanamshuka hadi kidevuni. Fundi majokofu yule, ambaye hata alipomzika baba yake hakutoa chozi.

"Mama Pipi," alisema, kama mtu aliyekuwa akimsubiri. "Njoo utazame mguu."

Profesa akazungusha kitufe. Mguu wa kulia wa Pipi ukapanda, goti likakunjika, ukashuka. Ukapanda tena. Pipi akacheka.

Huyu Profesa uprofesa wake alijipakulia mwenyewe, kama mtu anavyojipakulia wali kwenye sherehe asiyoalikwa. Alikuwa na koti jeupe, sauti ya taratibu, na mikono safi kupita kiasi.

"Mama, umefika wakati mzuri," alisema. "Hospitali waliwaambia misuli imekufa, sivyo? Sasa uliona wapi maiti ikikunja goti?"

"Hawakusema imekufa," alijibu Mama Pipi. "Walisema kichwa hakiitumi vizuri."

"Basi tumekubaliana. Tunakwenda kichwani."

Akavibandua vile vipande mapajani na kuanza kuvipaka majimaji upya.

"Kichwani hapana," alisema Mama Pipi. "Mfungueni mwanangu. Twende nyumbani."

"Mara moja tu," alisema mumewe. Hakufoka. Angefoka, mambo yangekuwa rahisi, maana kufoka wamezoeana. Aliomba. "Mama Pipi, tumempeleka kote. Tumempaka mafuta ya kila rangi. Tumekesha kwenye maombi mpaka magoti yakaota sugu. Kuna lolote lililomtikisa mguu? Niambie. Lolote?"

Mama Pipi alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa amesimama, uso umekuja usawa wa uso wa mama yake, na katika maisha yao yote hawajawahi kutazamana hivyo. Siku zote mmoja alikuwa chini na mwingine ameinama.

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana kwa mara ya pili. Hakuisema. Mfa maji haachi kutapatapa, na siku hiyo waliotapatapa walikuwa wawili, mmoja amepiga magoti na mmoja kasimama wima na mkoba begani.

Profesa akabandika vipande kwenye panja za Pipi, pembeni mwa macho, kimoja huku, kimoja huku. Akazungusha kitufe.

Kicheko kilikatika katikati.

Macho ya mtoto yakapanda juu na kubaki weupe mtupu. Taya likakaza. Kisha mikono ikaanza kutupwa, si ule ukakamavu wake wa kila siku anaoujua mama, bali mapigo ya haraka, mfululizo, kama kuna kitu kilichomshika mabega na kumtikisa.

"Zima," alisema Mama Pipi.

"Ni sumu inatoka," alisema Profesa. "Msimguse, ni hatua ya kawaida."

Baba Pipi alinyanyuka. Hakubishana na mtu. Aling'oa waya ukutani pamoja na soketi yake, akakata mikanda kwa kisu cha kazi, akamlaza mtoto ubavu sakafuni kama walivyofundishwa zamani. Midomo ya Pipi ilikuwa inabadilika rangi.

Hilo lilikuwa degedege, na degedege walikuwa wanalijua. Lilimwandama Pipi toka uchanga, hadi hospitali walipompa ile dawa ya maji ya kunywa asubuhi na jioni. Tangu hapo liliaga, wakadhani limeaga moja kwa moja.

Walipotoka na mtoto mikononi, Profesa alikuwa tayari anakunja nyaya zake.

*

Gari la karakana lilikuwa na majokofu mawili mabovu nyuma, yakigongana kila kona. Mama Pipi alikaa mbele amempakata mtoto, kidole kimoja shavuni mwake, akimwita. Baba Pipi aliendesha kama hana breki.

Hospitali walimpokea mlangoni. Mtoto akachukuliwa, sindano ikachomwa, kinyago cha hewa kikawekwa. Mapigo ya degedege yakapungua, yakaachana, yakatulia. Pipi akalala, mdomo wazi, nywele zimelowa jasho.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, sauti imemkauka kwa kuongea kutwa. Alimtazama Pipi kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akawatazama wazazi.

"Alama hizi mbili pembeni mwa uso ni za nini?"



"Za umeme," alisema Mama Pipi. "Tulimpeleka kwa mtu wa mashine. Alisema atamsimamisha."

Daktari hakugomba. Alivuta kiti akakaa, na huko kukaa kwake ndiko kulikowatisha.

"Dawa ya degedege anapewa?"

"Anapewa. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Chupa ikiisha naifuata mwenyewe."

"Mara ya mwisho amepewa lini?"

"Leo asubuhi."

Daktari alitoka. Alikaa huko muda wa kutosha Baba Pipi kutembea ukumbi mzima na kurudi, kutembea na kurudi. Aliporejea alisimama mlangoni.

"Damu tumeipima. Dawa haimo."

"Ni kidogo?" aliuliza Mama Pipi.

"Ingekuwa kidogo ningesema kidogo. Haimo kabisa. Mtoto huyu hajapewa dawa hata tone kwa siku nyingi. Umeme ulikuwa kiberiti tu, lakini kuni zilikuwa zimeshakauka."

Akawaacha na maneno hayo.

Mama Pipi alimgeukia mumewe taratibu. Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira ya kunong'ona, na anayeijua ya pili ataomba apigiwe kelele.

"Ulimwachisha dawa."

"Si mimi."

"Profesa alikwambia dawa za hospitali zinalaza ubongo. Nilisikia ukimweleza dada yako kwenye simu. Nikanyamaza, nikasema ni maneno ya mtu aliyechoka."

"Aliniambia hivyo, ni kweli. Aliniambia niache. Nikamjibu dawa haiguswi."

"Unataka nikuamini leo? Leo hii?"

"Sitaki uniamini. Nataka ufikiri." Aliketi, viwiko magotini. "Mimi natoka nyumbani kabla hajaamka. Wewe unatoka nyuma yangu. Tunarudi kumeshaingia giza. Sasa niambie, Mama Pipi. Nani anampa mtoto dawa?"

Mama Pipi alitaka kujibu haraka. Macho yakawahi kuliona jibu.

Maana mwishoni mwa ukumbi, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama yake mzazi. Alikuwa ndiyo kwanza amefika, amebeba mfuko wenye nepi na nguo safi za mjukuu wake, kitambaa kimemlegea kichwani. Na alikuwa anawatazama. Kutazama kwake hakukuwa kwa mtu anayetaka kuuliza habari. Kulikuwa kwa mtu anayesubiri kuulizwa.

*

"Mama," alisema Mama Pipi alipomfikia. "Dawa ya Pipi."

Bibi aliuweka mfuko chini.

"Nilikuwa naimwaga kwenye sinki."

Hivyo tu. Bila kuzunguka. Mama Pipi alijikuta amekaa kando yake bila kukumbuka kukaa.

"Nyinyi mnamwona akiwa amelala," Bibi alisema. "Mnakuja usiku, mnambusu, mnasema leo katulia. Mimi nashinda naye. Yule hakuwa ametulia, binti yangu, alikuwa amezimwa. Namlisha, analala na chakula mdomoni. Naimba, hanitazami. Nilikuwa nikimgeuza kama mzigo wa nguo, nikawa najiuliza, hivi huyu mtoto yumo humu ndani au ameshatoka?"

"Daktari alisema dawa isikatwe."

"Nilisikia. Siku ya kwanza sikukata, nilisahau. Nikajilaumu. Lakini kesho yake mtoto akaamka. Naenda jikoni, ananifuata kwa macho. Nadondosha sufuria, anacheka. Nikasema, kumbe uko humu." Alipangusa mikono juu ya magoti yake, ingawa haikuwa na kitu. "Tangu hapo sikuweza kumpa tena. Mkono ulikataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo."

"Ndiyo hivyo."

Baba Pipi alikuwa amesimama mbele yao, ameegemea ukuta. Mama Pipi alitegemea aseme kitu kibaya, maana yeye na mkwe wake huyo walishawahi kununiana kwa jambo dogo la kuta za jiko na wakamaliza msimu mzima. Badala yake alikuja akaketi upande wa pili wa Bibi.

"Kuna jambo jingine," alisema Bibi. "Alianza kutoa neno."

"Neno gani?"

"Si neno hasa. Anafunga midomo, anavuta, halafu anaiachia. *Mma*. Kama hivyo."

Mama Pipi alitazama sakafu.

"Anasema wakati gani?"

"Jioni. Taa za barabarani zikiwaka. Akishaona mwanga ule dirishani anajua unakaribia kurudi." Bibi alikaza kitambaa kichwani. "Ukifika anakuwa ameshachoka, amelala. Nilitaka uisikie mwenyewe. Kila siku nasema kesho nitamchelewesha kulala. Kila siku nasema kesho."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Pipi hakulia. Aliubeba mfuko wa nepi, akaupakata, akaukumbatia kwa nguvu, na watu waliopita ukumbini walidhani anaulinda usiibwe.

*

Daktari aliwasikiliza wote watatu wakiwa wamesimama. Bibi alieleza yote tena, bila kupunguza. Alipomaliza, daktari alifumba macho kidogo.

"Bibi, ulichokiona ni kweli," alisema. "Ile dawa huwalaza baadhi ya watoto kupita kiasi. Mngekuja kuniambia, ningeibadilisha. Zipo nyingine. Lakini kuikata ghafla namna ile ni kumwachia mtoto mlango wazi na mbwa nje."

Mama Pipi alihisi masikio yanamchoma. Kwa kuwa yeye aliwahi kuliona lile lepe la usingizi. Aliliona, na kila walipokwenda kliniki akaulizwa mtoto anaendeleaje, alijibu "salama," upesi upesi, kama mwanafunzi anayeogopa swali la pili.

"Atatembea?" aliuliza Baba Pipi.

Swali lilitoka lenyewe, mahali pasipo pake. Lakini hakuna aliyemcheka.

"Sidhani," alisema daktari. "Sitaki kukudanganya, wameshakudanganya wengi. Lakini kukaa kwenye kiti chake sawasawa, kula bila kupaliwa, kuwaambia anataka nini kwa macho au kwa sauti, hayo naamini. Mlikuwa mnamleta kwenye mazoezi ya viungo. Mliacha kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyeacha kumleta," alisema Baba Pipi. "Yule bwana wa mazoezi kila siku alikuwa anazungumzia kukaa. Kukaa, kukaa. Nikaona hawa wamemkatia tamaa mwanangu."

"Hakumkatia tamaa. Alikuwa anaanzia pale mtoto alipo."

Baba Pipi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kitu kizito kuliko mikono yake.

"Sasa nisikilizeni," daktari aliendelea. "Mtoto ana alama za umeme na amekatwa dawa. Siwezi kulifunika. Nimemwita ofisa wa ustawi wa jamii, ofisi yake iko jengo la pili. Atawauliza maswali, na yeye ndiye atakayesema kama mtoto anarudi nyumbani. Mliyoniambia sitamtangulizia, anataka kuyasikia kwenu. Mwambieni ukweli."

Akaondoka. Wakabaki watatu, na mtoto aliyelala kati yao kwenye kitanda chenye vizuizi.

Baba Pipi ndiye aliyeanza kuzungumza, sauti ya chini.

"Atauliza nani alikata dawa. Mtasema ni mimi."

"Wewe una wazimu," alisema Bibi.

"Mama, tulia. Mimi ndiye niliyempeleka kwa yule tapeli. Jina langu limeshachafuka, tope juu ya tope halionekani. Ukisema ni wewe, watakukataza kukaa naye. Nani atashinda naye? Mama Pipi akiacha saluni na mimi nikiacha karakana, mtoto atakula nini?"

"Sitabebewa mzigo wangu na mkwe," alisema Bibi. "Mimi ni mtu mzima. Nilimwaga kwa mkono huu."

"Na mimi je?" aliuliza Mama Pipi.

Walimgeukia.

"Wewe hukufanya kitu," alisema mumewe.

"Ndiyo. Sikufanya kitu. Nilimwona analala nikasema salama. Niliona vile vipande vinakwenda kichwani nikasimama na mkoba wangu. Mama yake ni nani?"

Hapo mlango ukafunguliwa.

Ofisa wa ustawi alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, sura ya mtu aliyedanganywa na wazazi wengi wanaolia. Aliwasalimia. Alikwenda kwanza kitandani, akaziangalia alama za uso wa Pipi, akamvutia shuka hadi kifuani vizuri. Kisha akasimama upande wa pili wa kitanda, mtoto akawa kati yake na wao.

"Sina maneno mengi," alisema. "Dawa ya mtoto huyu ilikatwa na mtu aliyejua haitakiwi kukatwa. Nataka kujua ni nani. Nisiambiwe hadithi. Niambiwe mtu."

Mashine ya mapigo ya moyo ikaendelea na kazi yake.

Kisha wote watatu wakasema neno moja, kwa pamoja, kama waliokuwa wamelifanyia mazoezi.

"Mimi."

Ofisa alimtazama fundi. Akamtazama Bibi. Akamtazama Mama Pipi, akakaa hapo kwa muda. Uso wake haukukasirika. Ungekasirika, wangejua pa kuanzia kuomba.

"Sawa," alisema. "Mmoja wenu anasema kweli na wawili wananidanganya, na mimi sijui nani ni nani. Basi akipona hatarudi na yeyote kati yenu."

Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Nipeni nafasi kwenye kituo cha watoto," alisema. "Ya binti. Ndiyo, leo."

Na kitandani, nyuma ya vizuizi vile, Pipi akafumbua macho. Alimtafuta mtu mmoja katika wote waliosimama, akampata. Midomo yake ikafungana, ikaanza kuvuta.